Damu, Chuma na Mnyoo wa Safura Kisiwani Pemba

Mabaharia wa Kiarabu wa zama zilizopita walikiita kisiwa cha Pemba Jazira ya Kijani, na msafiri atokaye Unguja kwa chombo, akishuka Mkoani na kushika njia ya Chake Chake, haoni sababu ya kuwakanusha, kwa maana vilima vimevaa mikarafuu na migomba, mabonde yamejaa mpunga, na ardhi, kwa baraka ya mvua za masika na za vuli, aghalabu huwa na unyevu chini ya vivuli hata jua linapokuwa kali. Rutuba hiyo ndiyo iliyoifanya Pemba kuwa hazina ya karafuu ya Zanzibar tangu tufani ya mwaka 1872 ilipoiangusha mikarafuu ya Unguja. Lakini udongo ule ule wenye joto, majimaji na kivuli, unaoilea mizizi ya mkarafuu, humlea pia kiumbe mmoja mdogo asiyeonekana kwa urahisi, naye ni kiluwiluwi wa mnyoo wa safura, ambaye kwa miaka mingi amewadhoofisha watu wa kisiwa hiki, na zaidi ya wote watoto. Safari yake mwilini huanza katika unyayo na kuishia katika utumbo, ikipita katika mishipa, moyo, mapafu na koo, na madhara yake hufika mpaka katika uboho wa mifupa. Basi mtu anayetaka kuujua mwili wake, jinsi ulivyoumbwa na jinsi unavyofanya kazi, ataona mengi akimfuata mnyoo huyu kituo kwa kituo.

Yai la mnyoo hutoka pamoja na kinyesi cha mtu aliye naye tumboni. Likitumbukia katika choo cha shimo refu, habari yake imekwisha. Lakini likiangukia shambani chini ya mgomba, au kando ya njia iteremkayo bondeni, huanguliwa katika siku moja au mbili, na baada ya siku 5 hadi 10 kiluwiluwi aliyetoka ndani yake huwa amekwisha kujivua ngozi mara mbili na kuwa tayari kumwingia binadamu. Urefu wake hapo ni kiasi cha nusu ya milimita. Hali chakula chochote. Huishi kwa akiba aliyoichukua mwilini, na akiba hiyo humtosha kwa muda wa wiki tatu au nne, akingoja mguu mtupu wa mkulima apaliliaye mpunga, au wa mtoto aendaye chuoni pasi na ndara.

Ngozi ndiyo kiungo kikubwa kuliko vyote vya mwili wa mtu. Tabaka lake la juu halina hata mshipa mmoja wa damu, ndiyo sababu mtu aweza kujikwaruza kidogo asitoke damu, na sehemu yake ya nje kabisa ni seli zilizokufa ambazo kila siku hupukutika na nafasi yake kushikwa na nyingine zitokazo chini. Tabaka la pili ndilo lililo hai kwa maana kamili, kwa kuwa ndani yake mna mishipa ya damu, mizizi ya nywele, tezi za jasho, na ncha za neva zinazotupa habari ya joto, baridi na maumivu. Katika kisigino tabaka la juu ni nene na gumu, hasa kwa mtu aliyezoea kwenda pekupeku, lakini baina ya vidole ni laini, na hapo ndipo kiluwiluwi anapopenya, akiacha mwasho na vipele vidogo ambavyo watu wengi huvidhania kuwa ni athari ya maji ya bondeni tu. Matabibu wenyewe hawakulijua jambo hili kwa muda mrefu, wakiamini kwamba mnyoo huingia kwa njia ya kinywa peke yake, mpaka Arthur Looss, mtaalamu wa Kijerumani aliyekuwa akifanya kazi Cairo, alipotangaza mwaka 1898 yaliyompata baada ya matone ya maji yenye viluwiluwi kumwagika juu ya mkono wake: aliona mwasho na wekundu, na baada ya wiki kadhaa aliyakuta mayai ya safura katika choo chake mwenyewe.

Akisha kulivuka tabaka la juu, kiluwiluwi hukutana na mishipa iliyo myembamba kuliko unywele, akaingia, akachukuliwa na mkondo. Hapa yafaa kusimama kidogo na kuitazama kazi iliyo mbele ya damu ya miguuni. Damu iliyosukumwa na moyo kuteremka mpaka kwenye vidole imekwisha kupoteza nguvu nyingi za msukumo wake, na bado inapaswa kupanda tena mpaka kifuani, kinyume cha mvuto wa ardhi. Hufaulu kwa msaada wa mambo mawili. La kwanza ni misuli ya shavu la mguu, ambayo kila mtu atembeapo hukaza na kulegea, na kila inapokaza huibana mishipa iliyo baina yake. Na la pili ni vilango vidogo vilivyomo ndani ya mishipa irejeshayo damu, yaani vena, ambavyo hufunguka kuelekea juu tu, hata damu iliyopanda isiweze kurudi. Kwa njia hiyo damu hupanda, na kiluwiluwi hupanda nayo, hadi katika vena kuu imiminayo damu yake katika chumba cha juu cha upande wa kulia wa moyo.

Moyo wa mtu una ukubwa unaokaribiana na ngumi yake mwenyewe, na umegawanyika vyumba vinne, viwili vya juu vipokeavyo na viwili vya chini visukumavyo, ukuta wa nyama ukitenga upande wa kulia na wa kushoto. Mtu mzima aliyetulia, moyo wake hupiga kiasi cha mara 70 kwa dakika, na katika dakika hiyo moja husukuma takriban lita 5, ambacho ndicho kiasi chote cha damu alicho nacho. Kwa zaidi ya miaka 1,000 wataalamu waliishika kauli ya Galen, tabibu wa Kiyunani, kwamba damu hupenya kutoka kulia kwenda kushoto kwa vitundu visivyoonekana vilivyomo katika ukuta ule. Aliyeipinga kauli hiyo kwa hoja zilizo wazi ni Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Damascus aliyetabibu na kufariki Cairo mwaka 1288, ambaye katika sherehe aliyoiandika juu ya kitabu cha Qanuni cha Ibn Sina alisema kwamba ukuta ule ni mzima, hauna tundu lolote, na kwamba damu ya kulia haina budi kwenda mapafuni, ichanganyike na hewa, kisha ndiyo irejee kushoto. Mwingereza William Harvey alikuja kuueleza mzunguko wote wa mwili mwaka 1628. Mnyoo wetu ni ushahidi ulio hai wa maneno ya Ibn al-Nafis, kwa sababu akishaingia upande wa kulia wa moyo hana njia nyingine ya kutokea ila ile moja iendayo mapafuni.

Mapafu si mifuko miwili mitupu kama wengi wanavyodhani. Njia ya hewa itokayo kooni hugawanyika matawi mawili, na kila tawi hugawanyika tena na tena, mpaka mwisho wa matawi madogo kabisa hupatikana vifuko vya hewa vipatavyo milioni 300, na kila kifuko kimezungukwa na mishipa myembamba ya damu. Ukuta uliopo baina ya hewa na damu hauzidi unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita, na katika wembamba huo ndimo inamofanyika biashara ambayo uhai wote wa mtu umeitegemea: oksijeni huingia katika damu, na hewa chafu ya kaboni hutoka.

Mchukuzi wa oksijeni ni chembe nyekundu ya damu, ambayo umbo lake ni la andazi dogo lililobonyezwa katikati pande zote mbili, na upana wake ni sehemu 7 au 8 za elfu ya milimita. Katika tone la damu lenye ukubwa wa milimita moja ya ujazo mna chembe hizi milioni 4 hadi 5. Ni seli ya namna ya pekee, kwa kuwa kabla ya kuingia katika mkondo wa damu hukitupa nje kiini chake, ambacho seli nyingine za mwili haziwezi kuishi bila ya kuwa nacho, ili nafasi yote ijazwe na kitu kimoja, yaani himoglobini. Himoglobini ni protini yenye sehemu nne, na katika kila sehemu imewekwa atomu moja ya chuma. Na chuma hicho, ambacho kwa asili ni kile kile cha jembe na cha shoka, ndicho kinachoishika oksijeni mapafuni na kuiachia katika misuli, ubongo, ini na figo, mahali popote penye haja nayo. Damu iliyokwisha kuishika oksijeni huwa nyekundu ya kung'aa, na iliyokwisha kuiachia huwa nyekundu iliyoiva. Mwili wote wa mtu mzima una gramu 3 au 4 tu za chuma, kiasi kisichotosha kutengenezea msumari wa maana, na theluthi mbili zake zimo katika himoglobini. Napenda msomaji akikumbuke kipimo hicho, kwa sababu yote yatakayofuata yamejengwa juu yake.

Kiluwiluwi hakai mapafuni. Huupasua ukuta ule mwembamba, akatoka katika damu na kuingia katika kifuko cha hewa, na kutoka hapo hupandishwa juu pamoja na makohozi kwa vinyweleo vidogo mno vilivyotanda ndani ya njia za hewa, ambavyo usiku na mchana hupepea kuelekea kooni ili kuondoa vumbi na uchafu. Mgonjwa aweza kukohoa siku hizo, wala asijue sababu. Kooni njia ya hewa na njia ya chakula hukutana, na mtu anapoyameza makohozi yake humpeleka mnyoo kwa hiari yake mwenyewe kwenye umio na tumbo, ambamo asidi kali iuayo vijidudu vingi haimdhuru, hata akafika mwanzo wa utumbo mwembamba. Hapo amefika nyumbani. Tangu kupenya unyayo mpaka kuwa mnyoo kamili wa kiasi cha sentimita moja, mwenye kutaga mayai, hupita wiki 5 hadi 7.

Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa mita takriban 6 na ngozi yake ya ndani imekunjwa mikunjo mingi, nayo imeota vinyama vyembamba visivyo na idadi, na hekima ya mikunjo na vinyama hivyo ni kuongeza eneo la kufyonzea chakula. Sukari, mafuta, protini na madini hupita katika vinyama hivyo kuingia damuni, na kwa ajili hiyo vimejaa mishipa ya damu tele. Na hapo penye wingi wa damu ndipo mnyoo wa safura anapojishikiza. Pemba ina aina mbili zake: mmoja, Necator, hukata kwa vipande vikali vilivyomo kinywani mwake, na mwingine, Ancylostoma, ana meno. Wote wawili hutoa mate yenye kuizuia damu isigande, hata jeraha likaendelea kuvuja baada ya mnyoo kuhamia mahali pengine.

Kiasi anachokunywa mnyoo mmoja ni kidogo cha kudharauliwa. Necator humpotezea mtu kiasi cha sehemu 3 za mia ya mililita ya damu kwa siku, na Ancylostoma kiasi cha sehemu 15 za mia au zaidi. Lakini tufanye hesabu. Mtoto mwenye Necator 100, au Ancylostoma 20, hupoteza mililita 3 za damu kila siku iendayo kwa Mungu. Mililita moja ya damu nzuri ina kiasi cha nusu miligramu ya chuma, kwa hiyo mililita 3 huondoka na miligramu moja na nusu. Sehemu ya chuma hicho hufyonzwa tena na utumbo chini ya mahali kilipovuja, na iliyobaki hutoka na choo. Mtu mzima mwenye siha, katika chakula chake chote cha siku moja, hufyonza miligramu 1 au 2 tu za chuma. Mtoto hufyonza pungufu ya hapo, naye anakihitaji zaidi kwa sababu damu yake inakua pamoja na mwili wake. Hivyo huwezekana mtoto akala akashiba kila siku, na hata hivyo hesabu ya chuma mwilini mwake ikawa inashuka jioni kwa jioni, wala mzazi asione jeraha wala damu mahali popote.

Ajabu kubwa ya maumbile, nami nakiri kwamba kila nilisomapo jambo hili moyo hunijaa taadhima, ni uangalifu ambao mwili unautumia katika kukitunza chuma hiki. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi. Ikizeeka na kuwa ngumu hushindwa kujipenyeza katika vichochoro vyembamba vya wengu, kiungo kilicho chini ya mbavu za kushoto, na huko huliwa na seli zilizowekwa kwa kazi hiyo. Lakini chuma chake hakitupwi, hutolewa, hukabidhiwa protini iitwayo transferini, nayo hukirudisha katika uboho mwekundu wa mifupa, katika uti wa mgongo, mbavu, kidari na nyonga, ambamo chembe mpya hutengenezwa kwa kiasi cha milioni 2 katika kila sekunde moja. Kila siku miligramu 20 au zaidi za chuma huzunguka kwa njia hii, kiasi kinachozidi mara nyingi kile kitokacho katika chakula. Ziada huwekwa akiba, hasa katika ini. Na kwa upande wa pili, mwili haukuumbiwa mlango wa kukitolea chuma kilichozidi kama ulivyoumbiwa figo za kutolea chumvi na maji. Njia yake ya kujilinda ni kuupunguza au kuufungua mlango wa kuingilia, kule mwanzoni mwa utumbo. Figo nazo zina sehemu yake katika jambo hili, kwa kuwa ndizo zinazopima oksijeni iliyomo katika damu, na zikiona imepungua hutoa homoni ya kuuhimiza uboho uzidishe kazi. Lakini uboho uliohimizwa bila ya kupewa chuma hutoa chembe ndogo, zilizopauka, zenye himoglobini haba.

Mgonjwa hapo huanza kujulikana kwa macho. Kope kwa ndani hupoteza wekundu, na kadhalika viganja na kucha. Moyo hupiga mbio, kwa sababu damu ikiwa dhaifu hapana budi izunguke kwa haraka zaidi ili kufikisha oksijeni ile ile, na mtu hutweta akipanda kilima ambacho jana alikipanda akiimba. Mtoto darasani husinzia, akaitwa mvivu. Wako wanawake, aghalabu waja wazito, wanaotamani kula udongo au mchele mbichi, na Sera Young, mtafiti wa Marekani aliyewachunguza waja wazito wa Pemba, alionyesha pamoja na wenzake kwamba tamaa hiyo ilifuatana na upungufu wa damu. Kuwacheka wanawake hao, kama ilivyo desturi ya baadhi ya watu, ni kuicheka dalili ya maradhi.

Hali ya watoto wa Pemba ilipimwa kwa uangalifu katika miaka ya 1990, katika kazi iliyowaunganisha Rebecca Stoltzfus wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Dk. Hababu Chwaya wa Wizara ya Afya ya Zanzibar, na Wataliano Marco Albonico na Lorenzo Savioli. Waliwachunguza watoto wa shule 3,595, na matokeo waliyoyatangaza mwaka 1997 yalikuwa mazito: asilimia 62 ya watoto hao walikuwa na upungufu wa damu, na katika kila watoto 10 wenye upungufu, 8 walikuwa wamepungukiwa na chuma. Walipotafuta sababu, mnyoo wa safura alitokea mbele ya sababu nyingine zote. Robo ya upungufu wote wa damu ilihesabiwa kuwa ni kazi yake, na katika upungufu ule mkali, wenye kuhatarisha maisha, sehemu yake ilifika asilimia 73. Watoto wadogo kuliko wale wa shule nao hawakuachwa. Katika uchunguzi mwingine wa Pemba, uliotangazwa mwaka 2001, watoto wa chini ya miaka mitano waliopewa miligramu 10 za chuma kila siku kwa mwaka mmoja walionekana kuendelea vizuri zaidi katika kusema kuliko wenzao, na wale ambao damu yao ilikuwa chini mno waliendelea vizuri zaidi katika kutambaa na kutembea pia. Kwani chuma kina kazi hata katika ubongo, nje ya kazi yake ya damuni.

Mwaka 2000 ilifunguliwa Wawi, karibu na mji wa Chake Chake, Maabara ya Afya ya Jamii iliyopewa jina la Ivo de Carneri, Mtaliano aliyekuwa bingwa wa elimu ya vimelea, ambaye alifika Pemba mwaka 1988 na kuazimia kwamba kisiwa hiki kipate maabara yake chenyewe, akafariki mwaka 1993 kabla ya azma yake kutimia. Kuwa na mahali pa kutazamia damu na choo kwa hadubini ndani ya Pemba yenyewe, kwa mikono ya Wapemba waliofundishwa, ni neema ambayo thamani yake naiona kubwa kuliko msaada wa dawa zitokazo mbali, kwa sababu dawa isiyopimwa matokeo yake haijulikani imefanya nini.

Na jambo hilo lilithibitika upesi. Maadamu chuma ndicho kilichopungua, rai iliyokuwa ikikubaliwa duniani ni kwamba watoto wote wadogo wa nchi zenye upungufu wapewe chuma, wala haikuonekana haja ya kumpima kila mmoja. Tangu mwaka 2002 Sunil Sazawal na wenzake wa Johns Hopkins na wa Wizara ya Afya waliijaribu rai hiyo Pemba kwa watoto 24,076, wa umri wa mwezi mmoja mpaka miezi 35, wengine wakipewa chuma pamoja na asidi ya foliki, wengine wakiongezewa zinki, na wengine vidonge visivyokuwa na dawa. Mnamo tarehe 19 Agosti 2003 kutolewa kwa chuma kulisimamishwa kwa ushauri wa wasimamizi wa usalama wa jaribio. Watoto waliokipata walikuwa na hatari ya kufariki au kulazwa hospitali iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 12. Habari hiyo ilipotangazwa mwaka 2006 katika jarida la Lancet, Shirika la Afya Duniani liliubadili ushauri wake, na tangu hapo nchi zenye malaria zinaagizwa kwamba kumpa mtoto chuma kufuatane na kumkinga na malaria, kumpima na kumtibu.

Sababu ya jambo hili ni somo zima la elimu ya mwili. Vijidudu karibu vyote viletavyo maradhi, pamoja na kimelea cha malaria, vinahitaji chuma ili vizaliane kama sisi tunavyokihitaji. Kwa hiyo mtu anaposhikwa na homa, ini lake hutoa kiasi kikubwa cha homoni iitwayo hepsidini, iliyogunduliwa kati ya mwaka 2000 na 2001, nayo hufunga mlango wa kuingilia chuma utumboni na kuziamuru seli za wengu na ini zisikiachie chuma zilicho nacho, ili adui aliyemo damuni akikose. Mwili hukubali kupungukiwa na damu kwa muda kuliko kumlisha adui. Tabibu akimpa chuma kwa wingi mtoto mwenye vimelea vya malaria katika damu huweza kuwa anakifikisha mahali ambapo mwili ulikusudia kisifike, na maelezo haya ndiyo wanayoyaafiki wengi kuhusu yaliyotokea Pemba. Yanapata nguvu kwa jambo jingine lililoonekana katika jaribio lile lile: katika kikundi kidogo ambamo watoto walipimwa damu na kutibiwa malaria mapema, wale ambao kweli walikuwa wamepungukiwa na chuma walifaidika nacho. Sioni katika habari hii sababu ya kukiogopa chuma. Naona sababu ya kuupa heshima upimaji, na ya kuwatetea wazazi wanaosimama foleni kituoni wakidai mtoto atolewe damu kidoleni kabla ya kuandikiwa vidonge.

Malaria yenyewe tangu hapo imepungua mno visiwani. Dawa mseto yenye artemisini iliyoanza kutolewa mwaka 2003, vyandarua vyenye dawa, na unyunyizaji wa majumbani ulioanza mwaka 2006, vimewashusha wenye vimelea katika damu mpaka chini ya asilimia 1 ya watu kwa miaka mingi, na kwa hivyo hatari iliyoonekana mwaka 2003 si ile ile leo.

Mnyoo amebaki kuwa mshindani mgumu zaidi. Shule za Pemba zilianza kugawa dawa ya minyoo kwa utaratibu tangu mwaka 1994, na dawa humwondoa mnyoo, lakini haimzuii mwingine asiingie kwa njia ile ile ya unyayo, na uchunguzi uliofanywa hapo hapo Pemba ulionyesha kwamba katika miezi michache baada ya kutibiwa watoto wengi huwa wameambukizwa tena. Fauka ya hayo, baada ya miaka ya kutumiwa mara kwa mara, dawa hiyo, iitwayo mebendazole, ilionekana kuwa dhaifu juu ya safura. Choo na viatu vinafanya kazi ambayo kidonge hakiwezi kuifanya.

Kwa upande wa chakula, chuma kilichomo katika nyama, maini na samaki huingia mwilini kwa urahisi kuliko kilichomo katika mchicha, kisamvu, kunde na choroko. Hata hivyo mboga hizo hazifai kudharauliwa, kwa sababu zikiliwa pamoja na ndimu, embe au chungwa, matunda ambayo Pemba haikunyimwa, chuma chake hufyonzwa zaidi, na zikifuatiwa papo hapo na chai ya rangi hufyonzwa pungufu. Chai hiyo ingoje saa moja au mbili.

Mgonjwa aliyekwisha kupimwa, akatibiwa minyoo na kupewa vidonge vya chuma, huhisi nafuu mapema kuliko anavyotarajia, kwa kuwa uboho ukipata chuma huanza kumwaga chembe changa katika damu ndani ya wiki ya kwanza, na himoglobini hupanda katika wiki zinazofuata. Hapo ndipo wengi wanapoacha dawa. Lakini akiba ya ini, iliyokwisha mwanzo kabla ya wekundu wa kope kupungua, ndiyo inayojazwa mwisho, na kwa ajili hiyo matabibu humtaka mgonjwa aendelee na vidonge kwa miezi mitatu hivi baada ya damu yake kurudi sawa.